Wageni wasiokula samaki, hapa Kigoma

Dada yangu wa Ujiji, umeeleza kwamba Jumamosi mumeo ataleta nyumbani wenzake wawili wa kazini, Wahindu kutoka Gujarat nchini India, nawe umekusudia kuwapikia migebuka, samaki wa ziwa letu la Tanganyika. Kabla hujakwenda sokoni, mwombe mumeo awaulize wanakula nini, kwa sababu Wahindu wengi wa huko hawali nyama wala mayai, na kwao samaki pia ni nyama, jambo ambalo sisi watu wa ziwani hulisahau upesi.

Mimi niliwahi kuwapikia wageni wa namna hiyo maharage kwa mawese, nikadhani nimemaliza kazi, kumbe mmoja wao aliniona nikiyakoroga kwa mwiko niliotoka kuutumia kwenye dagaa. Wakala wali mtupu kwa adabu, nami nikaona haya. Kwa hiyo tenga sufuria, mwiko na mafuta mapya, kisha upike ugali wa muhogo, sombe (yaani kisamvu) na ndizi.

Ukitia karanga kwenye sombe, uliza kwanza kama yupo anayedhurika nazo. Mgeni akivimba midomo au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali mara moja.