Tawi jipya au unga wa lishe? Anza na daftari la mauzo

Mkuu, umeuliza kama kiwanda chako cha sembe kikue kwa kufungua tawi mkoa mwingine au kwa kuongeza unga wa lishe. Kabla ya kuchagua, waulize wateja 10 wakubwa waliomo kwenye daftari la mauzo kwa nini wananunua kwako. Wakisema "mzigo unafika kwa wakati", nguvu yako ni gari na dereva. Wakisema bei, nguvu yako ni ununuzi wa mahindi.

Tawi linamfaa mwenye nguvu hiyo ya pili: ana ghala, ananunua msimu wa mavuno na hapokei mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13.5. Ila wewe mashine yako ya tani 1 kwa saa inafanya kazi saa 4 tu kwa siku. Nusu ya zamu imelala, tawi la nini sasa? Ongeza maduka kwenye njia zile zile gari linakopita.

Hapo wengi hukwama kwa kukosa fedha mkononi, tena wateja wakiwa wapo. Tani 4 za mahindi kwa siku zinakupa kama tani 3 za sembe, nyingine pumba. Ukiuza zote mali kauli, yaani mteja achukue sasa alipe baada ya siku 21, unga ulioko nje ni tani 63. Kwa bei yako ya shilingi 1,200 kwa kilo, hiyo ni milioni 75.6. Ukizidisha mauzo mara mbili kwa masharti hayo, inakuwa milioni 151.2, na msimu wa kununua mahindi hausubiri. Kwa hiyo maduka mapya wape siku 7, na asiyemaliza deni asiongezewe mzigo.

Lishe ni kazi nyingine kabisa. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza, karanga zichambuliwe kwa hofu ya sumukuvu (sumu ya ukungu), mafuta ya mbegu hizo yanaziba chekeche la mashine, na unga huchacha mapema kuliko sembe. Inamfaa mwenye nidhamu ya ubora, na mtoto ndiye anayekula, kwa hiyo usibahatishe.

Safaricom walipoanza M-Pesa mwaka 2007 walikuwa na mtandao wa wauza vocha, wakapitisha huduma mpya humo humo. Kama nguvu yako ni usambazaji, bidhaa yako ya pili ni ile inayopanda gari lile lile kwenda duka lile lile: mchele au maharage ya kilo 1, ununue kwa jumla na ufungashe. Jaribu kwa maduka 20, miezi 2, kwa fedha taslimu tu.