Programu ya kuchuja maombi ya kazi: maofisa wanaitikia kikaoni, mezani wanaendelea na yao

SWALI: Mimi ni meneja rasilimali watu. Tumenunua programu ya akili mnemba inayochuja maombi ya kazi na kupendekeza wa kuitwa kwenye usaili. Maofisa wangu walipata mafunzo na kikaoni wanaitikia, lakini nimegundua bado wanachambua maombi yote kwa mkono, kisha wanaingiza majibu kwenye mfumo. Je, nifunge utaratibu wa zamani?

JIBU: Usifunge kwanza. Ofisa anayekubali kuifanya kazi ileile mara mbili si mvivu. Ama kuna kitu amekiona, ama anahofia kwamba programu ikikosea, lawama zitamwangukia yeye. Muulize mkiwa wawili, maana kikaoni utaendelea kupata "sawa" zilezile.

Halafu chukueni nafasi ambayo mlishaajiri, mfiche majina, maofisa wapange waombaji na programu ipange kivyake. Penye makubaliano piteni haraka. Muda wenu utumike penye tofauti. Mnaweza kumkuta mwombaji aliyekaa miaka miwili bila ajira akimuuguza mzazi: barua yake inaeleza wazi, ila programu imeona pengo la tarehe tu na kumtupa chini. Mnaweza pia kumkuta mtu mzuri ambaye ofisa alimruka kwa uchovu, programu ikamwona. Mjadala wa mafaili hayo mawili utawafundisha kuliko semina nzima.

Na hofu yao ina msingi. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa Amazon iliachana na programu yake ya kuchuja wasifu. Ilikuwa imefunzwa kwa wasifu wa waombaji wa miaka 10, wengi wao wanaume, ikajifunza kuwashusha wanawake. Hakuna aliyeiagiza ibague, iliiga yaliyopita.

Kwa hiyo pimeni. Nchini Marekani, tangu 1978, kuna kipimo cha asilimia 80 ambacho yeyote anaweza kukitumia: kiwango cha kupita cha kundi moja kisipungue asilimia 80 ya kile cha kundi linalopita zaidi. Tuseme wanaume 100 wameomba wakapita 50, na wanawake 100 wakapita 30. Thelathini ni asilimia 60 ya hamsini, chini ya 80. Peke yake hiyo haithibitishi ubaguzi, lakini inatosha kusimamisha mchujo hadi sababu ijulikane.

Mwisho, andika mambo mawili na uyasaini. Kwanza, ofisa ana mamlaka ya kupindua pendekezo la programu akieleza sababu, na hataadhibiwa kwa hilo. Pili, muda utakaookolewa utatumika kufanyia nini. Kama uongozi unakusudia kupunguza watu, waambiwe sasa. Wakilisikia kwenye korido, hakuna mafunzo yatakayowarudisha upande wako. Tarehe ya kufunga utaratibu wa zamani ipangwe matokeo ya jaribio yakiwa mezani, na maofisa wenyewe wakiwepo.