Kabla ya kudai sheria mpya, kagua VPN kwenye simu ya mtoto

Mjadala wa watoto na mitandao hapa Uganda huzungushwa kati ya serikali na wazazi kama mpira, kila upande ukimrushia mwenzake. Ukweli ni kwamba sheria tunazo. Ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inatoa kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayetengeneza, kusambaza au hata kumiliki picha za ngono za watoto. Ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijakusanywa. Pungufu yake ni kwamba jela humfuata mkosaji picha ikishasambaa. Australia, tangu 10 Desemba 2025, imezibebesha mzigo kampuni zenyewe: zikiwaacha walio chini ya miaka 16 wafungue akaunti, faini ni yao, wala mzazi haguswi. Kama kuna la kuliomba Bunge letu, ni hilo, si kuongeza miaka ya kifungo.

Lakini hata sheria hiyo hutegemea simu iliyoko mkononi mwa mtoto, na hapo ndipo penye kasoro yetu wenyewe. Ushuru wa shilingi 200 kwa siku ulipowekwa kwenye mitandao ya kijamii Julai 2018, kisha Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu wazima walikimbilia VPN za bure, yaani programu za kukwepa vizuizi vya mtandao. Watoto walitutazama wakajifunza. VPN hupitisha mawasiliano yote kwenye seva ya mbali, kwa hiyo kichujio ulichoweka kwenye Wi-Fi ya nyumbani hakioni kitu. Nyingi za bure huishi kwa matangazo, na hayo hayachagui umri.

Basi anza hapo. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya VPN, ufute kila iliyomo, kisha uiondoe na programu yake. Kama simu ni Android 9 au ya baadaye, ingia kwenye DNS ya faragha (Private DNS), mpangilio wa huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti, uandike family.cloudflare-dns.com. Hiyo huzuia tovuti za ngono na zenye virusi, iwe mtoto anatumia bando au Wi-Fi. Haichuji kilichomo ndani ya TikTok wala WhatsApp. Mtoto mwerevu ataizima, kwa hiyo iangalie kila wiki. Zima pia ruhusa ya kusakinisha programu zisizotoka Play Store, maana VPN nyingine hupokelewa kutoka kwa rafiki kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu, bila hata kutumia megabaiti moja.

Mwaka wa kuzaliwa ni jambo ambalo wazazi wengi huliharibu kwa mikono yao. Mtoto wa miaka 12 huandikiwa 2000 ili akaunti ikubali haraka. TikTok hufanya akaunti ya aliye chini ya miaka 16 kuwa ya faragha na humfungia ujumbe wa moja kwa moja. Ukidanganya umri, umeondoa kinga zote mbili. Kwa aliye chini ya miaka 13, mfungulie akaunti ya Google kupitia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, kwa tarehe ya kweli, ili kila programu mpya isubiri kibali chako.

Kwenye WhatsApp, weka kwamba walio kwenye orodha yake tu ndio wanaoweza kumwongeza kwenye vikundi, na uzime upakuaji wa picha na video wa kujiendesha. Kazi ya dakika mbili.

Usisahau kalenda ya shule. Wa bweni hukaa muhula mzima bila simu, kisha hupewa moja likizo ya Desemba, usiku kucha, wazazi wakiwa wamechoka. Simu na chaja zilale sebuleni. Na mapema mchagulie mtu mzima wa kumwendea akipata aibu. Ssenga (shangazi) au mjomba huambiwa yale ambayo baba hataambiwa kamwe.

Mtu akimtishia mtoto kwa picha zake, usilipe, maana akilipwa hurudi kudai zaidi. Usifute mazungumzo. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, namba, tarehe na saa. Picha yenyewe ya mtoto usiitume kwenye kikundi cha ukoo au cha wazazi hata kwa nia ya kuonya, kwani huko ni kusambaza, na sheria ya 2011 haimpi mzazi msamaha. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto iitwayo Sauti, bila malipo, au nenda kituo cha polisi uulizie dawati la watoto na familia. Kisha tumia huduma ya Take It Down: inatengeneza alama ya kidijitali ya kuitambulisha picha kwenye simu yako, na alama hiyo tu ndiyo hupelekwa kwa mitandao inayoshiriki ili iizuie. Picha haitoki kwenye simu, kwa hiyo usiifute kabla ya hatua hii.