Wasomaji wanauliza: serikali kulipia kupima udongo wa viwanda vya zamani, faida yake nini?

Swali: Mhariri habari za kazi. Nimesikia Marekani serikali inatoa ruzuku kwa ajili ya kupima tu maeneo ya viwanda vilivyokufa mjini, yaani kupima, hata kusafisha bado. Hiyo si kuchoma hela? Sumu si inajulikana ipo, wasafishe basi!

Jibu: Haijulikani, na hapo ndo penye shida. Watu wanahisi tu. Chukua mfano: kiwanda kilikuwa cha kupaka vyuma nikeli, kimefungwa zamani, mwenyewe kafilisika au kafa, kila anayepita anasema pale pana sumu ila muulize sumu gani, imeshuka mita ngapi, imefika kwenye maji ya chini au haijafika, kimya. Benki nayo haijui kwa hiyo haikopeshi, nani akopeshe mbuzi kwenye gunia. Halafu kuna ile sheria yao ya 1980, wanaiita Superfund, ambayo inaweza kumbana mwenye ardhi wa leo alipie usafi hata kama uchafu aliuacha mtu mwingine kabisa, sasa wawekezaji wakaona ya nini, wakakimbilia mashamba nje ya mji, na viwanja vya katikati vikabaki magofu na majani.

Ndo mwaka 1993 EPA, mamlaka yao ya mazingira, wakaanza kwa majaribio na kaunti ya Cuyahoga kule Ohio (Cleveland iko humo), wakawapa dola 200,000. Kwa kusafisha kiwanda hela hiyo haifiki mbali, ila kwa kupima inafika. Na 2002 ikaja sheria nyingine: mnunuzi aliyechunguza ardhi ipasavyo KABLA ya kununua anapata kinga, mradi hahusiani na mchafuzi na akishanunua asizembee. Ukichunguza baada ya kununua imekula kwako. Kwa hiyo ile ripoti ni karatasi ya kisheria pia, na mi naona hiyo peke yake inatosha kujibu swali lako.

Swali: Wanapima nini hasa? Wanachimba?

Jibu: Mwanzoni hawagusi hata koleo. Hatua ya kwanza ni kazi ya makaratasi na kuulizana: hati za zamani, picha za angani, wazee waliofanya kazi pale, na ramani za Sanborn ambazo zilichorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, kwahiyo zinaonyesha jengo lilitumika kwa nini na hata tenki la mafuta lilikaa wapi. Mtu wa bima alikuwa anaogopa moto, leo kazi yake inatusaidia kutafuta sumu, napenda sana hiyo!

Wakishaona pa kutilia shaka ndo hatua ya pili, wanatoboa ardhi wanachukua sampuli za udongo, maji na hewa iliyo chini ya sakafu, zinaenda maabara. Wanatafuta madini ya risasi, aseniki, mabaki ya dizeli, na kemikali za kuoshea grisi kwenye vyuma au za drai klina. Hizi za mwisho ni za kuogopa maana zinageuka mvuke na kupanda hadi ndani ya nyumba iliyojengwa juu. Kumbuka pia ripoti ya hatua ya kwanza inachacha, sehemu zake muhimu zikizidisha siku 180 kabla hujanunua lazima zifanywe upya.

Swali: Mtu binafsi mwenye kiwanja kilichokuwa gereji anaweza kuomba?

Jibu: Hapana. Wanaoomba ni serikali za miji, majimbo, makabila ya wenyeji asilia na mashirika yasiyo ya faida. Aliyechafua naye hapewi. Ila mji ukishapata ruzuku unaweza kukipima kiwanja chako ukiruhusu.

Swali: Ripoti zikishatoka si zinaishia kabatini?

Jibu: Zipo zinazoishia huko na inauma. Mwaka 2021 sheria yao ya miundombinu ilitenga dola bilioni 1.5 kwa maeneo haya, hela nyingi, lakini mji unaopima bila kujua unataka kujenga nini pale unajitafutia kabati la kujaza. Kiwango cha usafi kinategemea matumizi, maegesho ya magari na shule ya chekechea havilingani hata kidogo. Na wewe mwenye kiwanja, kabla hujasaini ruhusa ya kupimwa uliza majibu yatapelekwa kwa nani, maana sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na kuna vitu vikionekana lazima mamlaka iambiwe, utake usitake.