"Magari" ya Mtaliano si magari yetu

Jana asubuhi, ufukweni Watamu, kijana wetu anayejifunza kazi ya kutembeza wageni alimuuliza mama wa Kitaliano kama kesho ataenda Tsavo. Mama akashusha pumzi: "Eh, magari!" Kijana huyo, simu sikioni, anamwita dereva. Nikamshika mkono. Wadogo zangu, neno hili linatamkwa sawasawa na magari yetu ya barabarani, na kila msimu linawaangusha. Hebu kaeni niwaambie.

1. Lina sura mbili. Likifuatwa na kitenzi cha kawaida ni "pengine": magari viene domani, huenda akaja kesho. Likisimama peke yake kama jibu, au likifuatwa na congiuntivo (umbo la kitenzi la kutamani), ni "laiti": magari piovesse, laiti mvua ingenyesha. Asili yake ni Kigiriki, neno la kumwita mtu mwenye heri. Nasi husema "heri ningekuwa nacho", basi shikeni hiyo heri.

2. Sikilizeni sauti. Ikivutwa, "magaaari", macho yakienda pembeni, mtu anatamani kisichowezekana. Mwaka wangu wa pili kazini nilimuuliza bibi mmoja, mgeni wa hoteli: "Domani Tsavo, signora?", kesho Tsavo, mama? Akajibu "Magari..." huku akimtazama mumewe aliyekaa kivulini na mkongojo. Nikasikia ndiyo. Nikalipia mafuta kwa pesa yangu, nikafungasha chakula cha mchana, saa kumi na moja alfajiri tuko getini. Bibi akatoka na leso begani, uso umemvimba kwa usingizi. "Ma io ho detto magari," lakini mimi nilisema magari, akasema polepole, kama anayemwomba mtoto anyamaze. Mzee alikuwa amepasuliwa mgongo, na njia ya kwenda lango la Sala la kuingilia Tsavo, zaidi ya kilomita 100, wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo. Bibi alitamani kuona ndovu maisha yake yote na hakuwahi kumwambia mumewe, asije akajiona mzigo. Mzee akatokea nyuma yake, akasikia yote. Akamsihi aende peke yake, bibi akakataa, wakabishana pale getini, kisha wote wawili wakalia. Pesa ya mafuta niliisahau mwezi uleule. Lakini ile siri niliyoifichua kwa kutojua neno moja, hadi leo nikipita geti lile natazama upande wa pili.

3. Msipokee acconto, yaani malipo ya awali, kwa neno magari tu. Ulizeni tena, "Allora prenoto?", basi niweke nafasi?, msubiri sì, ndiyo.

4. Mtu akitamani, msimjibu "va bene", sawa, ataona hamkumsikia. Semeni "speriamo", tutumaini, au "peccato", pole, kama mnajua haiwezekani. Na msimharakishe. Mtaliano akishasema magari mara nyingi anataka kueleza kwa nini, na hapo ndipo mnapomjua mteja wenu.

Kijana wa jana alirudi, akakaa mchangani, akauliza taratibu. Mama akasema ndege yake inaondoka kesho adhuhuri. Tsavo ikaishia hapo. Kijana akauliza: na hori la Mida Creek leo, maji yakijaa, kwa mtumbwi?

"Sì, volentieri!" Ndiyo, kwa furaha!

Kwa volentieri, mpigieni mwenye mtumbwi.