Kasha la karatasi za marehemu: skana isubiri kwanza

Ndugu aliyeuliza amerithi kasha la bati la marehemu baba yake, mtumishi wa reli, lenye barua, picha na hati, na anataka kujua kama yafaa kuziskani zote kisha azichome ili nyumba ipate nafasi. Najibu kama mtu aliyeifanya kazi hiyo hapa Jinja, Uganda, kwa karatasi za mzee wangu, aliyekuwa relini tangu kabla Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, nami baadhi yake niliziharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Usichome, na usiharakishe kupanga upya. Mzee alifunga barua zake kwa uzi, mafungu mafungu. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikayafungua yote, nikazipanga kwa tarehe na kutupa bahasha. Kumbe barua nyingi hazikuandikwa mwaka, na mwaka ulikuwa kwenye mhuri wa posta juu ya bahasha nilizokwisha kutupa. Fungu moja lilihusu kibanja (kipande cha ardhi) kimoja tu: barua, risiti, na mapatano ya Kiganda yaliyotiwa kidole gumba mbele ya mashahidi. Yakiwa pamoja yalijieleza, lakini baada ya kuyatawanya ilinichukua miezi kujua risiti ipi ni ya malipo yapi. Kwa hiyo piga picha ya kasha lilivyo, tabaka kwa tabaka, kabla hujatoa hata karatasi moja.

Kosa langu la pili lilikuwa laminesheni. Nilipeleka risiti ya benki kwenye kibanda cha fotokopi, na kwa kuwa karatasi ya namna ile huchapwa kwa joto bila wino, mashine ilipoipitisha ilitoka nyeusi tii. Hata zikiachwa kabatini risiti hizo hufifia zenyewe, basi zitolewe fotokopi mapema. Selotepu nayo huacha gundi ya manjano isiyotoka, na pini za stepla hushika kutu. Zitoe taratibu kwa kisu butu.

Huku karibu na ziwa adui mkubwa ni unyevu, hasa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Inua kasha juu ya matofali, mbali na ukuta, ili mchwa waonekane kabla hawajafika, na ulifungue lipate hewa siku za jua.

Picha ndizo zenye haraka kuliko vyote, kwa sababu wanaowajua waliomo wanazeeka. Nilikaa na shangazi jioni nne. Katika picha moja ya wafanyakazi wa stesheni alimtambua mtu wa tatu kutoka kushoto, si kwa sura iliyokwisha kufifia, bali kwa saa aliyoivaa mkono wa kulia. Akanitajia jina lake, kijiji chake Busoga na deni alilokufa nalo. Yote hayo (deni nalo, Mungu anisamehe) niliyaandika nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili.

Sasa skana. Nukta 300 kwa inchi zatosha kwa barua, na 600 kwa picha ndogo. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi na siku, kama 1974-03-12_barua_Tororo, nazo zitajipanga zenyewe. Risiti za kabla ya 1987 ziwekee maelezo kwamba ni shilingi za zamani, kwa kuwa mwaka huo sifuri mbili ziliondolewa; la sivyo wajukuu watadhani mzee alikuwa tajiri. Usiwatumie ndugu picha za kuhifadhi kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, kwani huzibana na kuzipunguzia ubora. Mimi nina nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski nyingine kwa dada yangu Mbale, ambayo naifungua kila Krismasi kuona kama bado inasomeka. Flashi siihesabu kuwa nakala.

Kuhusu kuchoma, nilichochoma mimi ni magazeti yaliyokwisha liwa na ukungu. Mapatano ya kibanja, vyeti na barua ya ajira viko kwenye bahasha ya plastiki ndani ya kasha lile lile, kwani siku mgogoro wa ardhi ukifika mahakamani, hati halisi ndiyo itakayoulizwa kwanza.