Niweke hati ya shamba kwenye blokicheni?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nipo Newala, msimu huu baba mdogo kaniuzia shamba la mikorosho, tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mashahidi wapo na muhuri umepigwa. Watoto wake wapo Dar na nshaanza kusikia maneno maneno, naogopa siku mzee akiondoka watasema hiyo karatasi nimeitunga baada ya msiba. Kuna kijana ana steshenari hapa mjini anasema ataniwekea hati kwenye blokicheni ya Bitcoin ili isipingike, anataka elfu 50. Ni kweli au napigwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitu chenyewe ni cha kweli kabisa, ila hiyo elfu 50 ishike kwanza, na hilo neno "isipingike" si kweli.

Blokicheni ni daftari la wazi la miamala ya Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, na kurasa zake zinaitwa bloku. Hati yako yenyewe haiendi humo. Unaiskani, faili linapitishwa kwenye hesabu inayoitwa SHA-256, inatoka mstari mmoja wa herufi na namba, jumla 64, wanaiita heshi. Ni kama dole gumba la hilo faili, ukibadili hata nukta moja inatoka heshi nyingine kabisa, na anayeiona heshi hawezi kujua hati imeandikwa nini. Hiyo heshi ndo inaingia ndani ya muamala wa Bitcoin, muamala unaingia kwenye bloku, bloku mpya inatoka kwa wastani kila dakika 10, na kila bloku imebeba heshi ya iliyoitangulia afu nakala zipo kwenye maelfu ya kompyuta duniani, kwa hiyo mtu akitaka kuchomeka kitu nyuma inabidi arudie ile kazi kubwa ya kompyuta iliyotengeneza bloku hiyo na zote zilizofuata. Hawezi.

Wazo ni la kabla ya Bitcoin. Stuart Haber na Scott Stornetta waliliandika kule Marekani 1991, na baadae kampuni yao ikawa inachapisha heshi kwenye gazeti la New York Times, maana gazeti likishauzwa mjini nani atalikusanya lote alibadilishe? Napenda sana akili ile. Satoshi Nakamoto, aliyebuni Bitcoin, aliwataja kwenye waraka wake wa 2008.

Sasa bei. Kuna huduma inaitwa OpenTimestamps, ni bure, inakusanya heshi za watu wengi inazifunga kuwa moja, muamala mmoja unawabebea wote. Hununui Bitcoin wala humiliki. Unapewa kafaili kadogo ka uthibitisho, katunze pamoja na faili lenyewe la hati. Na hapa ndo wengi wanaharibu: ukituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, faili linakuwa jingine, heshi hailingani tena, uthibitisho wote umekufa. Weka lile lile la mwanzo kwenye fleshi mbili, moja akae nayo mtu unayemwamini. Saa ya bloku nayo inaweza kupishana kidogo, we simamia siku, usibishanie dakika.

Hii inakusaidia kwenye hofu yako ile ile: wakisema umeitunga baada ya mzee kufariki, unaonyesha hati ilikuwepo tayari yeye akiwa hai. Basi. Haithibitishi kwamba sahihi ni yake, wala kwamba alikubali mwenyewe, wala mpaka wa shamba unapita mkorosho upi. Mwongo naye anaweza kuuwekea tarehe uongo wake. Mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila wataangalia ulitengenezwaje na ulitunzwaje.

Kwa hiyo mwanangu, wakati baba mdogo bado ana nguvu zake, mwombe mwende shambani na majirani wa pande zote, umrekodi video akisema kwa mdomo wake kauza nini, kwa nani na kwa shilingi ngapi, afu hiyo video nayo uipitishe OpenTimestamps siku hiyo hiyo. Na halmashauri ya kijiji uwaulize utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hiyo usiiache kwa sababu ya blokicheni. Kijana wa steshenari mlipe hela ya kuskani tu.